Gozo, kwa Macho ya Mtu wa Nansio

Mimi niliyezoea kukaa melini saa tatu na zaidi kutoka Mwanza hadi Nansio, nilishangaa kivuko cha kutoka Malta kwenda Gozo kilipofika gatini kabla sijamaliza chai yangu, kwani safari yote huchukua takriban dakika 25. Kisiwa chenyewe, chenye kilomita za mraba 67 hivi, ni kidogo mno kikilinganishwa na Ukerewe yetu.

Wageni wengi hukimbilia Ġgantija, mahekalu ya mawe yaliyotangulia piramidi za Misri. Mimi nilivutiwa zaidi na majaruba ya Xwejni, si ya mpunga kama ya kwetu bali ya chumvi, yaliyochongwa kwenye mwamba wa ufukweni, ambamo maji ya bahari huachwa yakauke kwa jua la kiangazi hadi chumvi ibaki. (Samaki wao, niseme kweli, hawamfikii sato.)

Sokoni, mama muuza nyanya alipohesabu sitta, sebgħa, nilielewa bila mkalimani, kwa kuwa Kimalta kimetokana na Kiarabu, huko huko tulikochukua sita na saba. Kwa furaha hiyo nilinunua kilo mbili nisizozihitaji.