Siku moja maishani mwangu: dada wa usafi, Jumatano ya Julai, Mbeya

Nafanya usafi wa kutwa kwenye nyumba ya vyumba vitatu hapa mtaa wa Forest, yenye watu sita: baba, mama, bibi na watoto watatu. Silali hapo. Naingia saa 1 asubuhi, natoka saa 11 jioni. Kila siku kuna mzunguko mwepesi wa vyombo, vitanda, kufagia, kudeki na nguo chache, halafu kazi nzito moja tu. Jumatatu ni mashuka, Jumanne madirisha, Jumatano choo na bafu, Alhamisi jiko na makabati, Ijumaa sebule. Mtindo wa kulimbikiza kila kitu mpaka Jumamosi siupendi. Uchafu wa siku moja unafutika kwa kitambaa chenye maji. Wa wiki nzima unataka brashi, dawa na bega zima.

Julai ina masharti yake huku. Mji uko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji ya bomba yanauma vidole, na jua lenyewe linachomoza karibu saa 1. Kwa hiyo ratiba inapangwa na jua: chochote kinachotakiwa kukauka kinatangulia, kazi kavu inasubiri.

Saa 1:00 asubuhi

Shikamoo kwa bibi kwanza, kisha sufuria ya maji jikoni. Lita 5 za maji ya moto ndizo zinazoendesha asubuhi: lita 2 za kuyeyushia sabuni, zinazobaki za vyombo vyenye mafuta.

Sabuni ya unga haiyeyuki vizuri kwenye maji baridi kiasi hiki. Ukiimwaga moja kwa moja kwenye beseni, chembe zinanasa kwenye mishono, na sare ya bluu ikikauka inabaki na mabaka meupe. Mtu anadhani nguo imechuja. Iyeyushe kwanza kwenye jagi la maji ya moto, koroga mpaka usisikie mchanga chini, ndipo umimine kwenye beseni. Kwa lita 10, vijiko 3 vya chakula vinatosha nguo za kila siku. Ukizidisha, utasuuza mara nne badala ya mbili, na maji ya tanki hayakuja bure.

Nguo za kila siku ni chache makusudi: soksi, nguo za ndani, mashati ya shule, taulo moja au mbili. Zinalowekwa dakika 30. Wakati huo naingia vyumbani.

Saa 1:40

Watoto wameshatoka, vioo vya vyumba vimejaa jasho. Watu wawili au watatu wamelala humo na madirisha yamefungwa usiku kucha, mvuke wa pumzi zao ukagusa kioo cha baridi ukawa maji. Maji hayo yakiachwa yanatiririka mpaka chini ya fremu, yanaozesha mbao na kuweka vidoa vyeusi kwenye pindo la pazia. Nafuta kwa kitambaa kikavu cha pamba, juu kwenda chini, nakamua, namalizia pale chini ya fremu maji yanapotuama.

Halafu nafungua madirisha mawili yanayoelekeana, wazi kabisa, kwa dakika 15. Bibi analalamika baridi, na ana haki, kwa hiyo chumba chake kinafuata baadaye akishatoka kuota jua kibarazani. Lakini dirisha moja lililofunguliwa vidole viwili kutwa nzima ni hasara tupu: ukuta unapoa, unyevu unabaki ndani. Hewa ya asubuhi ya Julai ni ya baridi lakini ni kavu. Ikipita kwa nguvu muda mfupi inabeba mvuke wote.

Kitanda hakitandikwi saa hii. Blanketi linakunjwa mpaka miguuni, shuka linaachwa wazi ili joto na jasho la usiku vitoke. Ukitandika mara tu mtu anapoamka, unafungia unyevu kwenye godoro. Natandika saa 3.

Kabati la nguo lililo kwenye ukuta wa nje liwe na nafasi ya sentimita 10 nyuma yake. Likibanwa ukutani, hewa haipiti na ukungu unaanza kwa vitone vyeusi pembeni, chini. Vikionekana, visuguliwe kwa sabuni na brashi, ukuta ukauke kabisa, ndipo mtu afikirie rangi. Rangi ikipakwa juu ya ukungu, utaiona inabanduka kabla ya Krismasi.

Saa 2:15

Kufua na kuanika. Jua la huku juu linapausha rangi haraka, kwa hiyo nguo za rangi zinaanikwa upande wa ndani ukiwa nje. Suruali inabanwa kiunoni ikiwa wazi, mifuko imetolewa nje, kwa sababu mfuko ndio unaochelewa kukauka na ndio unaonuka. Kamba iko nyuma ya nyumba. Mbele kuna njia ya vumbi, na nguo mbichi inalikamata vumbi kuliko kavu.

Saa 3:00

Vitanda, kisha vumbi. Kuanzia sasa mpaka mvua za Novemba vumbi linaongezeka kila wiki, na Agosti upepo unalisukuma mpaka ndani ya kabati la vyombo. Kitambaa kiwe na unyevu, kimekamuliwa mpaka kisidondoshe tone. Kikavu kinalihamisha tu kutoka mezani kwenda kwenye televisheni. Naanza na vitu vya juu, nashuka, sakafu ya mwisho. Anayefagia kwanza na kufuta rafu baadaye atafagia tena.

Sakafu ya marumaru inadekiwa kwa ndoo mbili. Ya kwanza ina lita 5 za maji na kijiko kimoja cha sabuni ya maji, ya pili maji matupu. Tambara linachovywa kwenye sabuni, linapita eneo la kama mita mbili kwa mbili, linasuuzwa kwenye maji matupu, linakamuliwa, linarudi kwenye sabuni. Ukitumia ndoo moja, kufikia chumba cha tatu unapaka tope jepesi. Sakafu inayonata miguuni baada ya kukauka imezidishiwa sabuni, na ikinata inashika vumbi mara mbili. Nadeki kuanzia kona ya mbali nikirudi nyuma kuelekea mlangoni. Korido ni ya saruji nyekundu iliyopakwa polishi, hiyo inataka tambara lenye unyevu tu, maana maji yakituama juu yake yanaacha mawingu meupe.

Mlangoni kuna matandiko mawili ya kufutia miguu, gunia gumu nje na kitambaa kizito ndani. Wakati wa mvua ndio yanaokoa nyumba. Tope likifika kwenye zulia lisisuguliwe likiwa bichi. Liache likauke, lipigwe brashi, ndipo doa lililobaki lioshwe.

Saa 4:30

Choo na bafu, kazi nzito ya leo. Glavu, kandambili za bafuni, dirisha wazi, mlango wazi.

Nianze na dawa, kwa sababu hapa ndipo watu wanaumia. Dawa ya choo yenye asidi na jiki hazikutani. Zikikutana zinatoa gesi ya klorini, inayokaba koo na kuumiza mapafu, na bafu dogo lililofungwa kwa sababu ya baridi linajaa haraka. Jiki ikikuta mkojo uliolala chooni nayo inatoa gesi inayochoma macho, ndiyo maana maji yanavutwa kabla ya kitu chochote. Mimi nimezitenga kwa tarehe: asidi ni Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa ajili ya magamba ya chooni tu, Jumatano nyingine zote ni jiki. Asidi isimwagike sakafuni, inakula saruji iliyo katikati ya vigae, na vigae vikianza kucheza maji yanapita chini.

Kazi inaanza na sabuni. Kuta kwa dodoki na maji ya sabuni kuanzia usawa wa kichwa kushuka, kisha sinki, kisha nje ya choo, kisha ndani kwa brashi, hasa chini ya ukingo yanakotokea maji. Sakafu ya mwisho. Suuza kila kitu. Hatua hii wengi wanairuka, wanamwaga jiki juu ya uchafu wakiamini ukali wake. Uchafu unaila klorini kabla haijagusa vijidudu. Unabaki na harufu kali na choo kichafu.

Baada ya kusuuza ndipo inakuja jiki. Chupa iliyoandikwa klorini 3.5%: vijiko 2 vya chakula, yaani mililita 30, kwa lita 1 ya maji. Maji yawe baridi, ya moto yanaipotezea nguvu. Changanya ya kutumia leo tu, kesho itakuwa imedhoofika. Kwa kitambaa napaka kiti cha choo, kishikio cha kuvutia maji, kitasa cha mlango na ukingo wa sinki. Nasubiri dakika 10, nafuta kwa maji safi. Bomba za chuma zisiachwe na jiki, zinapata madoa ambayo hayatoki.

Kiasi kisizidi. Maji ya nyumba hii yanaishia kwenye shimo la uani, na mle kuna bakteria wanaomeng'enya taka. Kumimina nusu chupa chooni kila siku kunawadhoofisha, shimo linajaa mapema, na gari la kunyonya ndilo linalolipwa.

Mwisho, tundu la sakafuni. Nafungua kifuniko chenye matundu, natoa nywele na mabaki ya sabuni kwa mkono wenye glavu. Kama bafu lisilotumika linanuka ingawa ni safi, usinunue manukato. Chini ya tundu kuna kona ya bomba inayohifadhi maji ili kuzuia hewa ya shimoni. Bafu lisipotumika, maji hayo yanakauka. Kopo mbili za maji, harufu inakata. Ndoo na makopo ya kuogea yanapinduliwa mdomo chini, yakilala na maji yanaota utelezi.

Saa 6:30 mchana

Chakula, vyombo, jiko. Sufuria ya ugali inalowekwa kwenye maji baridi. Ya moto yanaushikiza ukoko.

Baridi ya huku ina ugomvi wake na sinki. Mafuta ya mawese ya Kyela yanaganda hata yakiwa kabatini, na yakishuka kwenye bomba Julai yanaganda humo humo, yanashika punje za wali, na baada ya muda maji yanasimama. Kabla ya kuosha, kikaango na sahani zenye mafuta zinafutwa kwa kipande cha gazeti, kinatupwa. Kisha vyombo vinaoshwa kwa maji ya moto, glasi kwanza, sahani, sufuria mwisho. Nikimaliza namimina lita 2 za maji ya moto sinkini, yasiyochemka, maana bomba za plastiki zinalainika na viungo vinaachia.

Kwenye jiko la gesi, naangalia rangi ya moto. Bluu ni sawa. Ukiwa wa njano na masizi yanashika chini ya sufuria, matundu yameziba kwa chakula kilichofurika. Kichwa cha jiko kinatolewa kikiwa kimepoa, matundu yanachokonolewa kwa sindano, kinaoshwa, kinakauka kabisa ndipo kinarudi. Jivu la jiko la mkaa silimwagi siku hiyo hiyo. Linalala kwenye debe la bati nje mpaka kesho, kwa sababu kaa dogo ndani ya jivu linaweza kukaa na moto usiku mzima.

Saa 8:00

Chumba cha bibi. Dakika 15 za madirisha, blanketi lake juani, godoro linageuzwa kichwa kwenda miguuni mara moja kwa mwezi. Nikigeuza naangalia mishono na nyufa za kitanda: vidoa vyeusi kama vya kalamu ni kunguni. Kuanika godoro peke yake hakuwamalizi, maana wengi wanaishi kwenye mbao; kitanda kifunguliwe, nyufa zimiminiwe maji yanayochemka.

Saa 9:30

Kuanua. Isivuke saa 10:30, kwa sababu jua likilegea baridi inarudi na nguo inanyonya unyevu upya. Kipimo changu ni mshono wa kiuno na ncha ya soksi. Vikiwa baridi kwenye shavu, bado. Nguo inakunjwa hapo hapo, rundo la kila mtu peke yake, inaingia kabatini. Kiti cha sebuleni chenye mlima wa nguo safi kinaanzaga na neno "nitakunja baadaye".

Saa 10:30 jioni

Vifaa vyenyewe. Matambara ya jikoni yanachemshwa dakika 10 na sabuni kidogo. La choo lina rangi yake, jekundu, na halichanganywi na mengine hata kwenye ndoo ya kufulia. Dekio linaning'inizwa kichwa juu. Likilala ndani ya ndoo, kesho sebule nzima itanuka mbwa aliyenyeshewa.

Saa 11:00

Namkabidhi mama ufunguo na fungu la familia yake la kazi za usiku, ambalo halizidi dakika 15 wakigawana: viatu vibaki kibarazani, mabegi ya shule yakae sehemu moja, meza ifutwe, mabaki ya chakula yafunikwe, na vyombo vya usiku vioshwe kabla ya kulala. Hili la vyombo silegezi. Sinki lenye sahani usiku ni karamu ya mende, na huku panya wa msimu wa mavuno bado wako. Kama umeme umekatika na maji ya moto hakuna, watoe mabaki tu, walowekee vyombo kwenye beseni lenye kifuniko. Nitaviosha saa 1, kabla ya makabati ya jikoni ya Alhamisi.