Hizi mashine za kusikia za siku hizi jamani

Nimebadilisha mashine zangu za kusikia na bado nashangaa, maana zile za zamani zilikuwa zinapaza kila kitu, kijiko kikigonga sahani unaruka, feni unaisikia vizuri ila mtu aliye mbele yako humsikii 😂. Hizi mpya zina chipu inayochambua sauti na maikrofoni mbili kila upande, so zinajua sauti inatoka wapi, zinaivuta ya mtu ninayemtazama na kupunguza za nyuma. Kwenye watu wengi bado nababaika kidogo, nisidanganye. Kilichonimaliza ni bluutuu, simu ikiita sauti inaingia moja kwa moja masikioni, ule mluzi mashine iliokuwa inapiga ukibandika simu sikioni haupo tena. Na unazichaji tu, mambo ya vibetri kupotelea chini ya kitanda kwisha.

Afu mwaka 2024 Marekani waliruhusu hata AirPods Pro 2, zile earphone za Apple zisizo na waya, zisaidie watu wazima wenye upungufu mdogo hadi wa wastani wa kusikia. Ila pima masikio kwanza, usivae tu za mwenzio, zimepangwa kwa masafa ya sauti (nyembamba au nzito) asiyoyasikia yeye.

Wenye nazo niambieni, upepo ukivuma mnafanyaje? Zangu hapo ni kelele tupu