Nauza mabuyu, kumbe na wateja nawachungulia

Shangazi yangu alie Uingereza ndie alienitia kwenye haya mambo. Alitaka kuwaagizia watu wa nyumbani mabuyu kilo tatu na achari ya maembe, akanitumia voisi ya dakika nne, tatu nzima ni salamu na kuuliza nani kaolewa na nani kajifungua, halafu mwisho kabisa ndo yuasema, mwanangu mbona hilo duka lako la onlaini halikuniuliza mambo ya kuki, huku kwetu kila tovuti yauliza. Nikacheka. Nikamwambia shangazi huku sie kuki twala na chai.

Na huyu huyu mimi ndie niliekuwa nalalamika mwezi wa pili. Joto la Mombasa mwezi wa pili mwalijua, nikaingia Google kutafuta bei za feni, siku ya pili nikaenda mjini nikanunua kwa mkono wangu, pesa taslimu, nikaibeba na tuktuk mpaka nyumbani. Yale matangazo hayakuwa na habari. Wiki tatu nafuatwa na mafeni, nikisoma habari, feni, nikitafuta mshono wa dera, feni, nasoma dua hata, pembeni feni inazunguka.

Basi usiku ule nikafungua duka langu kwa kompyuta, nikabonyeza kile kialama kando ya anwani ya tovuti, pale waweza kuona kuki zote, vile vijikumbusho ambavyo tovuti yakuwekea kwenye kompyuta au simu yako (ukiweka simu kwa Kiswahili yakwambia ati vidakuzi, haya). Nikakuta 14. Zangu mwenyewe tatu. Zile 11 zatoka kwa makampuni mengine ambayo mie sijawahi hata kuwauzia kipakiti cha mabuyu.

Nikampigia kijana alienitengenezea. Akanieleza taratibu, na nampa haki yake, alinieleza vizuri. Tovuti haina kumbukumbu, kila ukibonyeza ukurasa mwengine kwake wewe ni mgeni mpya, kwa hivo ukitia mabuyu kwenye kikapu ukaenda kuangalia achari, ukirudi kikapu kitupu. Mwaka 1994 mhandisi mmoja wa Netscape, kampuni ya brauza (programu ya kufungulia tovuti), Lou Montulli, akatatua shida hiyo hiyo ya kikapu: tovuti iandike kikaratasi kidogo ikiweke kwenye brauza yako, ukirudi brauza yakionyesha, tovuti yakukumbuka. Ndo kuki. Hapo mimi sina neno, hata mwenye duka mtaani yuakujua wapenda mkate gani.

Taabu ni hizo 11. Nilikuwa nimebandika video navyokoroga sukari na iliki, kuna vitufe vya kusambaza, kuna kitu cha kuhesabu wanaoingia, na kijana akaongeza cha matangazo bila kuniuliza. Kila kimoja chaja na kikaratasi chake, na vile kampuni ile ile iko kwenye maelfu ya tovuti, yakuona hapa kwangu, yakuona kule kwa feni, yakuona kwa mshono, yaunganisha.

Nikakumbuka kitabu cha wageni cha jengo moja hapa mjini. Peni imefungwa uzi, soja yuakwambia andika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, waenda kwa nani. Na wakati waandika, wamuona alokutangulia yote, mpaka namba yake. Jioni ile nikapata meseji kwa namba nisoijua, "ulipendeza na lile buibui". Sasa mie niliandika namba yangu niingie ghorofa ya tatu, sikuandika nitongozwe.

Kuhusu sheria, Ulaya waliikaza mwaka 2018 na ile GDPR, sheria yao ya kulinda data za watu, na Uingereza walivyotoka Umoja wa Ulaya wakabaki na yao ya namna hiyo hiyo, ndo mana shangazi kazoea kuulizwa. Lakini msidhani sie hatuna. Kifungu cha 31 cha katiba ya Kenya chataja faragha, na Sheria ya Kulinda Data iko tangu 2019, ina Kamishna wake, faini zafika hadi shilingi milioni 5, na mtu ana haki ya kuuliza una nini chake na kutaka ukirekebishe au ukifute. Milioni 5 kwa mabuyu, jamani.

Kijana nikamwambia toa vyote. Akabisha, utajuaje wateja watoka wapi? Nikamwambia nitawauliza, mie nazungumza nao kila siku kwa WhatsApp. Video nikaweka linki tu, anaetaka abonyeze. Halafu nikaona fomu yangu ya oda yauliza tarehe ya kuzaliwa! Kwa mabuyu! Ati ilikuja hivo hivo na templeti, ile fomu ya kununua iliotengenezwa tayari. Nikafuta. Nikageuka, mezani jikoni daftari langu la oda liko wazi, majina, namba, nyumba watu wanakoishi, na mpwa wangu kachora samaki juu ya ukurasa wa Nyali. Hilo nalo sasa lalala kabatini, na ufunguo.

Lakini kile cha kuhesabu wageni mwisho nikakubali kibaki, kwa hivo ikabidi kisanduku cha kuuliza. Kijana akaleta KUBALI kijani kubwa kama bati la matatu, na Kataa kijivu, kadogo, lazima uvae miwani. Nikamrudisha mara mbili mpaka vikalingana.

Shangazi akaingia tena juzi. Voisi ya dakika sita safari hii. Amekataa kuki zote alizoulizwa, ile ya kikapu haiulizwi, kwa hivo kikapu kimeshika vile vile, na mbona achari ya maembe nimepandisha bei.