Kwenda Tabora na mdogo wangu kiziwi

Treni kutoka Kigoma ilisimama Uvinza, madirisha yakajaa sauti za watu wanaopatana bei. Mdogo wangu alimwona kiziwi mwenzake upande wa pili wa reli, wakaanza kuongea kwa mikono. Mimi nilikuwa nikipiga kelele kumwita muuza karanga aliye hatua mbili tu. Wao walipeana habari za nyumbani bila taabu yoyote.

Tulikuwa tukielekea Tabora, ambako Kanisa Katoliki lilifungua shule ya kwanza ya viziwi nchini mwaka 1963. Wengi huamini kwamba lugha ya alama ni zawadi ya walimu. Humtaja padri Charles-Michel de l'Épée, aliyeanzisha shule Paris katika karne ya 18. Alifanya kazi kubwa, lakini viziwi wa mji ule walikuwa na alama zao kabla hajakutana nao, na ndio waliomfundisha.

Ushahidi unaonigusa zaidi unatoka Nikaragua. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto viziwi walikusanywa shuleni Managua. Walimu walitaka wasome midomo na kutamka Kihispania. Kila mtoto alikuja na alama alizozoea kwao. Wakazichanganya wakicheza, wakazichanganya ndani ya basi. Wadogo waliowafuata wakazipa utaratibu na kanuni, hata ikawa lugha kamili. Hakuna mtu mzima aliyeitunga.

Tabora tulipokelewa na mzee mmoja kiziwi aliyesomea mkoa mwingine. Nilimwamkia kwa alama, akafurahi. Mdogo wangu akanitafsiria: huko alikosoma, mzee alikatazwa kutumia mikono darasani, basi wakawa wanaongea bwenini. Hiyo ni athari ya mkutano wa Milano wa 1880, ambapo walimu, karibu wote wanaosikia, waliamua viziwi wafundishwe kwa matamshi. Uamuzi ule uliwanyima watoto elimu kwa vizazi, na hauna utetezi.

Kwa kuwa shule zetu zilikuwa mbali moja na nyingine, kila moja ilikuza alama zake. Mzee na mdogo wangu walibishana karibu jioni nzima kuhusu alama ipi ni sahihi. Mimi naona kamusi ziandike zote mbili. Mzee alikubali, ila akataka ya kwake itangulie.