Kilimani kwa Kipanga

Sikumwambia mpwa wangu kwamba tutapanda kilima. Nilimwambia tunakwenda kuona kasri la wafalme, naye akavaa viatu vyeupe, vile vya kwendea harusini. Tuliposhuka kwenye treni pale Brugg, Uswisi, nusu saa hivi kutoka Zürich, nikamwonyesha kwa kidole kilima kilichofunikwa na msitu. Alinitazama, akavitazama viatu.

“Mjomba, ungesema.”

Kabla ya kilima nilitaka tupite Altenburg, kando ya mto Aare. Pale pana jumba dogo la mawe lililojengwa kwenye kuta za ngome ya Warumi, na siku hizi ni hosteli ya vijana. Baiskeli zilikuwa zimeegemezwa ukutani, taulo limeanikwa dirishani. Hapo ndipo yalipokuwa makazi ya Lanzelin, mwana wa Guntram aliyeitwa Tajiri, na kwa Guntram ndipo nasaba ya Habsburg inapoishia ukiifuata kurudi nyuma kwa ushahidi. Wanahistoria wengi humwona kuwa ndiye yule Guntram wa Alsace aliyenyang’anywa mali zake na mfalme Otto wa Kwanza mwaka 952. Yaani ukoo uliokuja kutawala Vienna, Madrid na Budapest unaanza na mtu aliyefilisiwa.

Njia ya kupanda hadi kasri la Habsburg, lililoupa ukoo jina, ni kama saa moja kwa mwendo wa kawaida, na zaidi ya hapo kwa mwendo wa viatu vya harusi. Kasri lenyewe ni dogo kuliko jina lake. Mnara mnene, jengo moja la kuishi lenye mgahawa ndani, na upande wa mashariki misingi tu ya sehemu ya kwanza, iliyojengwa miaka ya 1020 au 1030 na Radbot, mwana wa Lanzelin. Husimuliwa kwamba Radbot alipoteza kipanga wake wa kuwindia, akamkuta ametua juu ya kilima hiki. Kipanga kwa Kijerumani ni Habicht, basi ngome ikawa Habichtsburg, ulimi ukaifupisha. Wako wanaosema jina limetokana na neno la kale la kivuko cha mto. Ukisimama pale juu na kuuona Aare ulivyo karibu, hoja ya kivuko ina nguvu. Lakini nani atachora kivuko kwenye kadi za posta?

Kisa kingine kinamhusu nduguye Radbot, Askofu Werner wa Strasbourg, aliyetoa fedha za ujenzi. Alikuja kukagua akakuta ngome haina ukuta. Radbot akamwambia alale tu, asubuhi ukuta utakuwepo. Kulipokucha, mashujaa wenye silaha walikuwa wamesimama bega kwa bega kuizunguka ngome nzima. Mpwa wangu alikipenda kisa hiki. Mimi nilijiuliza fedha za askofu zilikwenda wapi.

Kufikia katikati ya karne ya 13 wenyewe walishahama, pamekuwa padogo. Mwaka 1273 Rudolf, mmoja wa ukoo huu, alichaguliwa kuwa mfalme wa Wajerumani, miaka mitano baadaye akamshinda Ottokar wa Bohemia, na wanawe wakapewa Austria. Mwaka 1415 watu wa Bern wakaiteka nchi ya Aargau, kilima hiki kikiwamo. Tangu hapo akina Habsburg waliitawala nusu ya Ulaya bila kumiliki nyumba iliyowapa jina.

Wakubwa hawaridhiki na babu aliyefilisiwa. Kaizari Maximilian wa Kwanza aliajiri wasomi wamtafutie asili, na mmoja wao, Jakob Mennel, akampa kitabu kilichokamilika mwaka 1518 kinachomfikisha kwa Hector wa Troy, shujaa wa hadithi za kale za Wagiriki. Walikuwepo pia waliompandisha hadi kwa Nuhu. Kule Innsbruck, kaburi lake tupu limezungukwa na sanamu 28 za shaba za waliohesabiwa kuwa jamaa na wazee wake, King Arthur wa hadithi za Waingereza akiwa mmoja wao.

Nilicheka, kisha nikajishika. Bibi yangu alikuwa akituhesabia wazee wetu hadi Shiraz, na kisa cha Kilwa tulikilala na kukiamka nacho: Ali bin Hassan akakinunua kisiwa kwa nguo zilizotosha kukizunguka chote. Hakuna aliyemuuliza bibi jina la fundi aliyeipima nguo ile.

Pale Windisch tuliingia kanisa la Königsfelden kwa dakika chache, lililojengwa mahali mfalme Albrecht, mwana wa Rudolf, alipouawa na mtoto wa nduguye tarehe 1 Mei 1308. Walikuwa wakigombea urithi. Vioo vya rangi vya karne ya 14 ni vizuri mno, ila miguu ya mpwa wangu ilikuwa imeshatoa hukumu.

Muri tulikwenda kesho yake, kwa raba. Abasia hii ya watawa ilianzishwa mwaka 1027 na Radbot na mkewe Ida, na katika kikanisa cha Loreto, nyuma ya altare, imehifadhiwa mioyo ya Karl, kaizari wa mwisho wa Austria, na mkewe Zita aliyefariki mwaka 1989. Mioyo tu. Mwili wa Karl uko Madeira, wa Zita uko Vienna. Mpwa wangu alisoma maelezo mara mbili, akanong’ona, “Na waliobeba walipitaje forodhani?”

Lakini mimi nilikuwa nimekwenda Muri kwa ajili ya karatasi. Karibu mwaka 1160 mtawa mmoja wa hapo aliandika kwa Kilatini habari za abasia yake, na bila maandishi hayo tusingewajua Guntram na Lanzelin kama tunavyowajua. Mtawa hakutaja Troy. Aliandika kwamba mashamba ya Muri yalikuwa ya watu huru, Lanzelin akayatwaa kwa dhuluma, na Ida alipojua ameozwa juu ya mali ya wizi akamshikilia mumewe yageuzwe nyumba ya Mungu.

Treni ya kurudi ilisimama Wohlen. Nikamwambia mpwa wangu kwamba hapa pia mtawa anapataja. Wakulima walijiweka chini ya ulinzi wa bwana mmoja mwenye nguvu, naye jina lake Guntram, wamlipe kodi na yeye awalinde. Wataalamu wanabishana kama ndiye yule Tajiri. Kodi ikageuka kazi ya shokoa, na ardhi ikawa yake.

“Hawakushtaki?”

“Walishtaki. Mfalme alipokuja Solothurn walimfuata.”

“Ikawaje?”

“Wakuu walikuwa wengi mno wamemzunguka, na yakasemwa maneno ya kijinga. Kilio hakikumfikia.”

Wanafunzi walikuwa wakipanda na mabegi yao. Mpwa wangu alisogeza miguu kuwapisha, akageukia dirisha na kulisoma tena jina la stesheni mpaka likapita.