Nina miaka 48 na namnyonyesha mjukuu wangu

Binti yangu alifariki siku nne baada ya kujifungua, mtoto nkabaki nae mimi hapa Ujiji. Maziwa ya kopo kwa hela ya kuuza mawese jaman ni kilio, kopo linaisha hata wiki haijakatika. Nesi wa kliniki ndo akaniuliza, mama wewe ushawahi kunyonyesha? Nkacheka, kitinda mimba wangu ana miaka 11! Akasema ziwa linaamshwa na kunyonywa, umri sio shida, ila wakanipima kwanza virusi vya ukimwi.

Kazi yenyewe asikwambie mtu. Mtoto hakubali ziwa kavu, atalia mpaka mlie wote, kwahiyo nesi akanipa kale kampira kembamba ka kulishia wagonjwa kupitia puani, ncha moja unabandika kwa plasta pembeni ya chuchu, nyingine inazama kwenye kikombe cha maziwa ya kopo, mtoto akivuta anapata ya kikombe anadhani ni yangu. Ukiinua kikombe yanakuja mbio, ukishusha lazima avute kwa nguvu, mi nlikuwa nashusha. Mara kumi kwa siku usiku na mchana, kulia na kushoto. Wiki ya kwanza chuchu zinawaka moto. Siku ya 12 nkaminya nkaona tone, nkaita nyumba nzima.

Jirani akaja, "Bibi wee, hayo si yamechacha humo miaka yote hiyo?" Hilo halikunisumbua, ziwa sio mtungi, linatengeneza mapya. Ila aliposema ya mtu mzima ni maji matupu kiukweli niliogopa, maana nlikamua kwenye glasi yakaja mepesi, ya bluu kwa mbali. Glasi nkaisahau kabatini, asubuhi nakuta utando wa mafuta umepanda juu. Nesi akasema ya mwanzo ndo huwa mepesi, mafuta yanaongezeka kadiri anavyonyonya, so usimhamishe upande haraka.

Kopo nlipunguza kidogokidogo huku nahesabu nepi za mkojo, zikifika sita kwa siku roho inatulia, na kila wiki mzani. Mpaka leo jioni anaongezewa kikombe kimoja, jioni yangu hayatoshi.

Juzi jirani huyohuyo kaja kuuliza ule mpira niliutoa wapi, mkwewe kakaukiwa. Nimemwambia waende kliniki, wangu nishautupa.