Matumba Ishirini

Jana alasiri tukitoka Marikiti nilisimama mbele ya mwanamke mwenye sinia ya asumini. Matumba yalikuwa bado yamefumba, yamefunikwa nusu kwa kitambaa kibichi. Binti yangu akanivuta buibui. "Mama, mbona wahesabu na hununui?"

Sikujua kwamba midomo ilikuwa ikinicheza. Nilikuwa nimefika kumi na tisa.

Nyanya alitunga asumini pale Kibokoni tangu kabla Mama hajazaliwa. Mwaka 2017 figo zake zikashindwa, baada ya miaka mingi ya sukari na presha. Hospitali tuliyompeleka ilitueleza sisi. Yeye alikuwa kwenye benchi nje, amepakata mkoba wa Mama. Tukaambiwa habari ya dayalisisi, kwamba mashine ingemsafisha damu mara mbili kwa wiki na NHIF, bima ya afya ya taifa wakati huo, ingelipia. Mjomba alijibu ndiyo kabla daktari hajamaliza kusema. Simlaumu. Mtu akiambiwa kuna mashine ya kufanya kazi ya figo za mamake, atajibu nini kingine?

Tulipomuuliza Nyanya, alisema, "Mtakavyo, wanangu." Tukaihesabu kauli hiyo kuwa ni ridhaa. Hata leo hapo pananichoma. Sote tulijua kuwa Nyanya alitumia maneno hayo hayo akiulizwa ale wali au mkate, na kwamba hata huko hayakuwa na maana ya kuwa hana alipendalo.

Mlango wa tatu kutoka kwetu alikaa muuguzi wa wodi ya figo. Mtaa mzima ulimwita Sista. Siku mbili kabla ya Nyanya kutiwa mrija wa shingoni, Sista alipitia kwetu akitoka zamu, baada ya swala ya alasiri. Nyanya alikuwa uani juu ya mkeka, sinia mapajani. Sista alivua viatu, akaketi, akaomba sindano na uzi, akaanza kutunga pamoja naye. Walitunga kamba nzima bila neno.

"Nyanya, wamekueleza habari ya mashine?"

"Wamewaeleza wanangu."

Sista akaweka sindano chini, akamueleza upya kila kitu. Kwamba ni muda wa saa 4 kitandani kila mara, mbali na kwenda na kurudi, na kwamba wengi wakitoka pale hurudi wamelegea, siku yote imekwisha. Maji yangepimwa kwa kikombe. Madafu, ndizi na tende angekatazwa au apimiwe kidogo sana, kwa kuwa zina potasiamu nyingi na figo zikifa potasiamu huweza kusimamisha moyo. Akamwambia pia kwamba mashine huwapa wengine miaka, ila kwa mzee ambaye moyo nao umeshadhoofika, huenda isimwongezee siku nyingi za kuamka vizuri. Kisha akamwambia jambo ambalo hakuna aliyetuambia: mtu akiikataa mashine hatupwi. Zipo dawa za kupunguza maji mwilini, za mwasho, za kichefuchefu, sindano ya kuongeza damu, na dawa ya kutuliza pumzi siku za mwisho zikifika. Hakumficha kwamba kwa njia hiyo siku zingeweza kuwa chache.

"Sikuulizi wataka lipi," alisema. "Niambie kwanza, siku ikikupendeza huwa ina nini ndani?"

Nyanya alicheka. Nadhani alidhani ni mchezo. Kisha akaanza kutaja, na Sista kwa kila alilotaja akanituma nilete kikombe cha kahawa, vile vidogo visivyo na mkono. Kikombe cha kukaa nyumbani na asumini zake. Kikombe cha kuswali akiwa na akili yake timamu. Kikombe cha kumpakata mtoto wa Mjomba, ambaye mamake alikuwa na mimba ya miezi mitano. Kikombe cha kutowalemea watoto. Cha tano alikiongeza Sista mwenyewe: kuishi zaidi, vyovyote itakavyokuwa. Akahesabu matumba ishirini, akayamimina katika kiganja cha Nyanya. "Yagawe. Palipo pazito zaidi kwako, weka mengi."

Vidole vya Nyanya vilikuwa vimevimba lakini havikutetemeka. Tisa yakaenda kwenye kutowalemea. Matano nyumbani, manne kwenye swala, mawili kwa mtoto. Kikombe cha tano kikabaki kitupu.

Sista alikigusa kile chenye tisa. "Na wao wakikwambia hawalemewi, utaacha mangapi humu?"

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ina unga. Hakusema kitu. Alitikisa kichwa tu, akakitikisa tena, machozi yakimtiririka. Nyanya alimtazama kwa muda mrefu, kama anayesoma maandishi madogo. Kisha akaanza kuyatoa, moja moja. Nilisikia pikipiki ikipita kichochoroni, nikasikia jirani akitwanga kitu, na matumba yalikuwa yakitoka: manne akayapeleka nyumbani, mawili kwa mtoto. La saba alibaki nalo baina ya vidole viwili. Akaliviringisha, akalinusa ingawa halijachanua, akaliweka kwenye kile kikombe kitupu.

Miaka kadhaa baadaye nilikuja kujua kwamba Ottawa, kule Kanada, wameandika mwongozo wa kazi hii hii: mgonjwa anaandika faida na hatari za kila njia, kisha kila moja anaipa nyota kuanzia 0 hadi 5, kwa kadiri inavyomgusa. Nilipoziona nyota zile kwenye karatasi, nilisikia harufu ya asumini.

Mjomba aliingia vikombe vikiwa bado vimepangwa. Sista alimueleza kwa upole. Mjomba alichuchumaa, akahesabu mwenyewe, kikombe hadi kikombe, na alipofika cha mwisho sauti ilimkauka.

"Na hili moja, Mama?"

"Hilo ni lako, mwanangu."

Kisha akavimimina vikombe vyote kwenye sinia na kuendelea kutunga, maana maghribi ilikaribia na wateja wangefika.

Hakuwekwa mrija. Mtoto alizaliwa, Nyanya akampakata, akafika hata arubaini yake. Alifariki kitandani kwake wiki tatu baadaye. Siku mbili za mwisho pumzi ilimsumbua, dawa ikamtuliza, ingawa si mara moja.

Ramadhani iliyopita, baada ya kufuturu, Mjomba aliniita kando. Aliniuliza iwapo lile tumba moja Nyanya alimpa yeye ili aridhike, au alikuwa akimwomba amshikilie kidogo. "Ningemuuliza," alisema. "Mbona sikumuuliza?"

Mimi nilikuwapo pale, na vikombe nilivileta mimi. Sikumuuliza pia.

Jana nilinunua za shilingi hamsini. Binti yangu akataka kuzibeba yeye.